Goma: Mkutano wa video unapokatika, si kila mara «rezo» ndiyo yenye kosa

Katika kata ya Murara, komini ya Karisimbi mjini Goma, mkutano wa mtandaoni ukikatika jibu huwa moja: «rezo inasumbua». Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Lakini tangu mwaka 2025 kuna sababu nyingine ambayo haihusu minara wala nyaya. Programu za zamani za mikutano, pamoja na kompyuta zinazozibeba, zinafungiwa mlango na kampuni zilizozitengeneza. Asiyejua kutofautisha mambo hayo mawili hununua mega mara mbili au tatu na bado anakosa mkutano.

Tarehe 5 Mei 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliifunga Skype, programu iliyokuwa imeunganisha familia na ofisi tangu mwaka 2003. Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni hiyohiyo iliacha kuhudumia Skype for Business Server ya 2015 na ya 2019, ambazo taasisi nyingi duniani zilizitumia kwa mikutano ya ndani. Siku hiyo pia iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika.

Mjini Kinshasa, Nairobi au Brussels, habari kama hiyo huishia kwa kununua mashine mpya. Goma mambo ni tofauti, kwa sababu mikutano ya video hapa imekuwa njia ya kupata kazi, masomo na matibabu, na hata ya kuamuliwa mambo ya mji wenyewe.

Mji unaojadiliwa kwenye skrini

Tangu waasi wa AFC/M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, safari zimekuwa ngumu kuliko zamani. Uwanja wa ndege, ambao hauko mbali na Murara, ulifungwa. Benki nazo zikafunga milango. Katika siku za mapigano, umeme, maji na intaneti vilikatika, na familia nyingi zilikaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wako katika hali gani.

Wakati huohuo viongozi wa kanda walikuwa wakikutana kuhusu Goma, na mara kadhaa walikutana kwa video. Tarehe 29 Januari 2025, Rais wa Kenya William Ruto, aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, aliongoza mkutano wa dharura wa marais kwa njia ya mtandao. Rais Félix Tshisekedi hakushiriki. Tarehe 8 Februari, katika mkutano wa pamoja wa EAC na SADC jijini Dar es Salaam, Rais Paul Kagame alikuwa ukumbini, naye Tshisekedi alishiriki kwa video. Tarehe 13 Machi, SADC ilikutana tena kwa mtandao na kuamua kumaliza kazi ya jeshi lake la SAMIDRC, lililokuwa na askari Goma na Sake.

Hivyo maamuzi mazito kuhusu mji huu yalipitia kwenye skrini. Kwa marais, kuna mafundi wanaokaa kando kuhakikisha picha na sauti havikatiki. Mwanafunzi wa Murara anayetakiwa kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo mbele ya mwalimu aliye Kinshasa hana fundi. Vivyo hivyo muuguzi anayeomba ushauri kwa daktari aliye mbali, au kijana aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi na shirika lenye ofisi Nairobi. Muunganisho ukimkatikia, wa upande wa pili huandika tu kwamba hakufika.

Skype: safari ya miaka 22

Ili kuelewa kwa nini programu ya zamani inakataa hata pale intaneti ipo, historia ya Skype inafaa kuangaliwa.

Skype ilianzishwa mwaka 2003 na Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, pamoja na mafundi wa Estonia walioandika programu yenyewe. Mwanzoni haikutegemea sana mashine kubwa za kampuni. Kompyuta za watumiaji wenyewe ndizo zilizopitisha mawasiliano kutoka mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana iliweza kutoa simu za bure kati ya Ulaya na Afrika wakati dakika moja ya simu ya kawaida ilikuwa ghali sana. Kwa familia nyingi za Kongo zenye watoto Ubelgiji, Ufaransa au Kanada, saiba ya mtaa ilikuwa mahali pa kuonana uso kwa uso.

Kampuni ya eBay iliinunua mwaka 2005, kisha Microsoft ikainunua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8,5. Baada ya hapo mfumo ulibadilishwa. Mawasiliano yalihamishiwa kwenye mashine kuu za Microsoft, na matoleo ya zamani yaliyotegemea utaratibu wa kwanza yakaanza kukatwa moja baada ya lingine. Mtu mwenye toleo la zamani aliona jambo la ajabu: intaneti inafanya kazi, kurasa zinafunguka, WhatsApp inapokea ujumbe, lakini Skype inazunguka bila kuingia. Alidhani rezo ni mbaya, kumbe mashine iliyokuwa ikimjibu upande wa pili ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Tarehe 28 Februari 2025, Microsoft ilitangaza kwamba Skype nzima itafungwa tarehe 5 Mei na kuwaelekeza watumiaji kwenye Teams. Goma ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza mwezi mmoja tangu kutekwa. Tangazo lenye maana kubwa Ulaya lilipita hapa bila kusikika na wengi.

Mlango unafungwa kwa njia nne

Skype si peke yake. Programu ya mikutano iliyowekwa kwenye kompyuta miaka mitano au kumi iliyopita inaweza kukataa kwa sababu nne, na kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni huduma kufungwa kabisa, kama Skype, au kama Hangouts ya Google iliyofungwa mwaka 2022. Hapo hakuna dawa isipokuwa kuhamia programu nyingine. Kuiondoa na kuiweka tena ni kupoteza mega.

Ya pili ni toleo kupitwa na wakati. Zoom ilionyesha mfano mapema. Kuanzia tarehe 30 Mei 2020, mtu asiyekuwa na toleo la 5.0 au jipya zaidi hakuweza kuingia mkutanoni, kwa sababu kampuni ilikuwa imebadilisha namna ya kufunga siri za mazungumzo. Tangu Novemba 2021, Zoom imekuwa ikiwataka watumiaji wasibaki nyuma zaidi ya miezi tisa. Maana yake, kompyuta iliyowekwa kabatini mwaka mzima ikisubiri umeme au kazi itakataliwa siku ya kwanza inapowashwa. Baya zaidi, toleo jipya linadai kupakuliwa dakika ileile mkutano unapoanza, kwa mega zilezile zilizonunuliwa kwa ajili ya mkutano.

Ya tatu ni mfumo wa kompyuta wenyewe. Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari cha Chrome kilitoa toleo lake la mwisho kwa ajili ya Windows 7 na 8.1, yaani Chrome 109, mwanzoni mwa mwaka 2023. Simu nazo haziko salama: kuanzia tarehe 1 Januari 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 4.4 au ya chini yake.

Ya nne ndiyo isiyojulikana sana, ingawa Goma ina kila sababu ya kuijua. Ni saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, inayofanana na sarafu, inayotunza tarehe mashine inapozimwa. Katika kompyuta ya miaka mingi betri hiyo huwa imekufa. Umeme ukikatika, kompyuta inarudi na tarehe ya zamani, pengine ya mwaka 2009 au 2012. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kompyuta inayoamini kwamba huu ni mwaka 2009 inaona vyeti vyote havijaanza, na inakataa. Kivinjari cha Kifaransa kinaweza kuandika: «Votre connexion n'est pas privée». Mtu anasoma neno «connexion» na kulaumu kampuni ya simu. Dawa ni kurekebisha tarehe, kisha kununua betri hiyo ndogo aina ya CR2032 na kuibadilisha.

Vyeti vina tatizo jingine pia. Tarehe 30 Septemba 2021, cheti-mama kimoja kinachoitwa DST Root CA X3, kilichotegemewa na tovuti nyingi sana duniani, kilimaliza muda wake. Kompyuta za zamani ambazo hazikuwa zimepokea cheti kipya zilianza kukataa tovuti hizo hata tarehe ikiwa sahihi. Hapo, kuweka kivinjari cha Firefox mara nyingi husaidia, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti badala ya kutegemea ile ya Windows. Toleo lake liitwalo 115 ESR liliendelea kupata masahihisho kwa ajili ya Windows 7 hata baada ya Chrome kuiacha.

Na rezo yenyewe?

Haya yote hayaondoi ukweli kwamba mtandao wa Goma ni dhaifu. Lakini udhaifu wake nao una sura tofauti.

Kongo ina mlango wake wa baharini huko Muanda, ambako waya wa WACS unatua. Muanda iko upande wa pili wa nchi, mbali mno na Kivu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mawasiliano ya mashariki hupita Rwanda na Uganda hadi kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, nchi nyingi za Afrika Mashariki zilipunguziwa kasi kwa siku kadhaa. Hitilafu iliyo chini ya bahari, maelfu ya kilomita kutoka hapa, inaweza kumkatisha mtu wa Murara katikati ya sentensi.

Umeme ni jambo la pili. Mnara wa simu ukikosa umeme wa kawaida hutegemea betri au jenereta. Kifaa cha Wi-Fi cha ofisi kikizimika kwa sekunde chache tu, hutumia dakika kadhaa kuwaka upya, na mkutano hausubiri.

La tatu ni umbali wa satelaiti. Mashirika mengi yametumia VSAT, yale masahani makubwa juu ya paa. Satelaiti yake iko karibu kilomita 36.000 juu ya ardhi. Sauti hupanda na kushuka kwa karibu robo ya sekunde, na jibu hurudi kwa robo nyingine. Ndiyo maana wazungumzaji hugongana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Hapo mega zinatosha kabisa, kinachochelewesha ni safari ndefu ya sauti. Satelaiti za Starlink huzunguka kwa takriban kilomita 550 tu, hivyo ucheleweshaji ni mdogo. Serikali ya Kongo ilikuwa imeikataza huduma hiyo mwaka 2024, kisha mamlaka ya mawasiliano ARPTC ikaipa leseni mwezi Mei 2025.

La nne ni mpaka. Goma na Rubavu zimeshikana, na simu iliyo Goma inaweza kushika mnara wa Rwanda bila mwenyewe kujua. Simu ikiruka kati ya minara ya nchi mbili, mkutano hukatika, na bei ya mega inaweza kubadilika. Kuichagulia simu mtandao mmoja kwa mkono, badala ya kuiacha ijichagulie, huondoa usumbufu huo.

Dakika kumi za kumtambua mkosaji

Kwa kuwa dalili zinafanana, namna bora ni kupima kwa utaratibu, kutoka jambo rahisi hadi gumu, na kufanya hivyo siku moja kabla ya mkutano.

Kwanza, tarehe na saa. Ni kazi ya sekunde kumi na haigharimu mega hata moja.

Pili, fungua ukurasa wowote wa kawaida wa intaneti. Ukifunguka na programu ya mkutano ikakataa, tuhuma inahama kutoka kwenye rezo kwenda kwenye programu.

Tatu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kompyuta ileile iunganishwe na simu ya mtandao mwingine, Airtel badala ya Vodacom, au Orange. Ikiingia, kosa lilikuwa kwenye mtandao wa kwanza. Ikikataa kote, kosa liko kwenye kompyuta. Kisha simu ijaribiwe yenyewe bila kompyuta. Wengi hukosea hapa kwa kubadilisha kila kitu mara moja, na jambo likikubali hawajui ni lipi lililowasaidia.

Nne, pima ucheleweshaji. Kwenye Windows, mtu anafungua dirisha jeusi la amri na kuandika: ping 8.8.8.8 -t. Kila mstari unaonyesha muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Shirika la kimataifa la mawasiliano, UIT, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, yaani karibu 300 kwenda na kurudi. Namba zikikaa chini ya hapo na zisirukeruke, mkutano utaenda. Zikiruka kutoka 80 hadi 900, au yakitokea mara kwa mara maneno «Délai d'attente de la demande dépassé», rezo ndiyo yenye kosa, na hakuna programu itakayoponya. Kipimo hiki hutumia mega kidogo sana, tofauti na zile tovuti za kupima kasi ambazo zinaweza kumeza makumi ya mega kwa mara moja.

Tano, ingia kwa kivinjari. Zoom, Teams, Google Meet na Jitsi zinaweza kufunguka ndani ya kivinjari bila kuweka programu. Kwa kompyuta ya zamani hii ndiyo njia ya mkato iliyo salama zaidi, kwa sababu toleo la upande wa kampuni huwa jipya siku zote. Kinachotakiwa ni kivinjari kisiwe kimezeeka sana.

Sita, kwa ofisi, angalia kizuizi cha usalama cha mtandao. Mashirika mengi yaliweka zamani orodha ya milango inayoruhusiwa, kwa kufuata programu ya wakati ule. Programu mpya hutumia milango mingine. Zoom hupenda UDP 8801 hadi 8810, Teams hupenda UDP 3478 hadi 3481. Milango hiyo ikifungwa, mkutano hujipenyeza kwenye mlango wa kawaida wa kurasa, TCP 443. Unaingia, lakini sauti inakuwa ya kukatakata, kwa sababu TCP husubiri kila kipande kilichopotea kirudishwe. Dalili yake ni hii: mkutano ni mbovu kwenye Wi-Fi ya ofisi na mzuri kwenye simu ya mfanyakazi.

Kuna pia vyumba vya mikutano vyenye mashine maalumu za video zilizonunuliwa kwa bei kubwa, zinazotumia utaratibu wa H.323 wa tangu mwaka 1996. Mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi yenye anwani yake ya kudumu kwenye intaneti. Zikiunganishwa kwa mtandao wa simu, ambako wateja wengi hushirikiana anwani moja, haziwezi kupigiwa kutoka nje. Zinaonekana nzima, zinawaka, lakini hakuna anayezifikia. Mara nyingi kompyuta ndogo ya kawaida huwa na manufaa kuliko mashine hizo.

Hesabu ya mega

Mazungumzo ya video ya watu wawili kwenye Zoom, kwa picha nzuri, huhitaji karibu kilobiti 600 kwa sekunde kila upande. Kwa saa moja hiyo ni kama megabaiti 540. Sauti peke yake huhitaji kati ya 60 na 80, yaani megabaiti zipatazo 72 kwa saa moja hata kwa hesabu ya juu. Anayezima kamera anaweza kuhudhuria mikutano saba kwa gharama ya mmoja.

Hesabu hiyo inaharibika kompyuta ikianza kupakua masahihisho ya Windows katikati ya mkutano. Anayetumia Windows 10 au 11 kwa mega za simu anapaswa kuutangaza muunganisho huo kuwa «connexion limitée» katika mipangilio ya Wi-Fi. Kompyuta itaacha kupakua vitu vikubwa hadi itakapopewa ruhusa.

Kipo pia kikwazo cha muda. Zoom ya bure hukata mkutano wa kikundi baada ya dakika 40, Google Meet ya bure baada ya dakika 60. Anayetaka zaidi hulipa kwa kadi, kwa dola. Kwa mtu aliyekuwa akijaza kadi yake kwenye tawi la benki mjini, kufungwa kwa benki kuliziba njia hiyo. WhatsApp, inayokubali hadi watu 32 katika simu moja bila kikomo hicho, imebaki kimbilio la wengi, lakini mwajiri au chuo kikuu kilicho mbali mara nyingi hakiitumii kwa kazi rasmi.

Kwa wenye Windows 10, kompyuta haikuzimika tarehe 14 Oktoba 2025, na haihitaji kutupwa. Microsoft ilitoa mwaka mmoja zaidi wa masahihisho ya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha. Tatizo litakuja polepole, jinsi lilivyokuja kwa Windows 7: kivinjari kitaacha kupata matoleo mapya, kisha programu ya mkutano, kisha siku moja mlango utakataa bila kueleza sababu. Anayenunua leo kompyuta iliyotumika afadhali aulize kwanza kama inakubali Windows 11, kabla ya kuuliza ukubwa wa diski.

Mzigo usiachwe kwa aliye Goma peke yake

Mambo haya yote yanaweza kujifunzwa, na mafundi wa Goma wameonyesha mara nyingi kwamba wanaweza kuifanya mashine ya miaka kumi iendelee kufanya kazi. Lakini ufundi wa mtaani una mpaka. Hakuna fundi wa Murara anayeweza kuifungua Skype iliyofungwa Marekani, wala kuuunganisha waya uliokatika baharini.

Kwa hiyo sehemu ya wajibu iko kwa wale wanaoitisha mikutano kutoka mbali. Chuo kikuu, shirika la misaada au mwajiri anayejua kwamba mshiriki yuko Goma anaweza kufanya mambo machache yasiyo na gharama: kutuma kiungo kinachofunguka kwa kivinjari, kukubali sauti bila picha, kutaja mapema programu na toleo linalotakiwa, kutoa namba ya WhatsApp ya akiba, na kutuma muhtasari kwa maandishi baada ya mkutano. Zaidi ya yote, kutohesabu muunganisho uliokatika kuwa ni utoro.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mashirika mengi yalihamisha wafanyakazi wao kutoka Goma mwaka 2025, na maamuzi kuhusu chakula, dawa na shule za Kivu ya Kaskazini yakazidi kufanyika kwenye mikutano ambayo wakaaji wenyewe huingia kwa taabu. Sauti inayokatika mara tatu huacha kuulizwa mara ya nne. Baada ya miezi michache, meza ya mazungumzo inabaki na watu wenye intaneti nzuri peke yao, wakizungumza juu ya wale wasio nayo, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo.

Viongozi wa kanda walipokutana kwa video mwaka 2025 kuamua juu ya Goma, hakuna aliyesema mkutano wa skrini si mkutano wa kweli. Kanuni hiyo inafaa kumfikia pia kijana wa Murara anayerekebisha saa ya kompyuta yake, anazima kamera, anaingia kwa kivinjari, na kusubiri aruhusiwe kusema.